Jeneza la Jirani

Bajeti ya jimbo ilikwama miezi mitatu: gavana akiwasukumia wabunge lawama, wabunge wakimrudishia. Walimu wa Kamina, bila mshahara, wakaja bungeni na jeneza la katoni lililoandikwa kwa makaa jina la mbunge mmoja.

Mbunge Lazare, aliyeketi kiti cha jirani na huyo bungeni, alilitazama jeneza kutoka mlangoni. Jeneza zuri hivyo, na nyimbo juu! Akaona wivu.

"Ule njo alikatala bajeti!" walimu waliimba, wakilionyesha lile jina.

"Wongo! Minyi njo nilianza kukatala. Yeye alifuata tu!" Lazare akafoka, akijipiga kifua.

"Weye, Honorable? Hata jina yako hatuyue."

Lazare akafuta jina la mwenzake kwa mkono wa koti, akaomba makaa, akaandika lake kwa herufi kubwa.

Walimu wakalitua jeneza chini.

"Bon," mwalimu mmoja alisema, akifunua kifuniko. "Ingia, Papa."