Jiko Lisilojua Magadi

Siku hizo jiko lilikuwa haliwaki mpaka lisikilize kwanza moyo wa kila atakayekula, kisha lenyewe ndilo linalopima chumvi na kuchagua mboga. Moyo wa bibi yake Namkunda ulikuwa unaruka: unapiga, unasita, halafu unatimka kama mbuzi aliyekata kamba. Jiko likazidisha ndizi na mchicha ili bibi apate potasiamu, chumvi likaipunguza ikabaki jina tu. Wapi! Moyo ukaendelea kuruka.

Namkunda alijua sababu. Bibi alikuwa anatumbukiza magadi kwenye makande ili mahindi na maharage yalainike, na jiko lilidhani ni vumbi.

"Bibi, magadi nayo ni chumvi. Nitaliambia jiko."

"Thubutu! Likijua hili, yatajua majiko yote ya Upare. Watu watatafuna mawe, wakulaani wewe na wajukuu zako."

"Na hao wajukuu nani atawafundisha kupika, wewe ukifa?"

"Si utawafundisha wewe, mbea mkubwa!"

Namkunda alikuwa mtu wa kunong'ona hata akiitwa jina darasani. Leo alisimama mbele ya jiko, akasema kwa sauti: "Bibi anatia magadi."

"Asante," jiko likajibu. "Nimeshawaambia wenzangu."

Tangu hapo majiko yakawa hayawaki penye magadi, na haukupita muda, moyo wa bibi ukatulia. Majirani wakaacha kuitikia salamu za Namkunda. Bibi naye akawa anatafuna makande magumu, anamkodolea macho.

"Tafuna, bibi," Namkunda akasema, akamwongezea upawa mwingine.

Nyuma yao jiko likauliza kwa upole, "Kuna kingine mnachonificha?"