Tarakimu ya Mashine ya Dripu

Kwenye kompyuta, ikiwa ndogo, picha ilionekana safi. Ikichapwa, tarakimu zilivimba na kuingiana.

Kisamo, mpiga chapa, hakuelewa. Kijitabu kilikuwa cha kuwaonyesha wauguzi jinsi ya kutumia mashine mpya ya dripu, na picha zilikuwa za skrini ya mashine hiyo. Alipoikuza picha, ikazidi kufifia. Alipoongeza weusi, ikawa doa. Mwishowe akashika kipanya, akazichora upya tarakimu zote, akahifadhi, akachapa. Zikasomeka vizuri kabisa.

Sista Nyamizi wa hospitali alipokuja kuchukua vijitabu vilivyobaki, aliinua kijitabu kimoja dirishani.

"Hapa umefanya kazi, fundi. Mara ya kwanza ulituletea ukungu mtupu." Kisha akasita. "Hii nane umeitoa wapi?"

"Ni ile ile. Nimeisafisha tu."

"Kipimo cha mtoto mchanga, nane? Una hakika haikuwa tatu?"

Kisamo akafungua picha ya awali. Akakuta nane yake mwenyewe. Alikuwa ameihifadhi juu ya ile ya zamani.

"Vijitabu vya asubuhi vimeshapelekwa wodini," Sista alisema, na tayari alikuwa ameweka simu sikioni. "Pokeeni, jamani."

Kisamo akaokota chini ya meza karatasi iliyoharibika, ile aliyoichapa kabla hajachora chochote. Akaisogeza karibu na macho, akaona nane. Akaisogeza mbali, akaona tatu. Simu ilikuwa bado inaita.