Machela ya Baba Emma

Shuka jipya la mama lilikuwa linaning'inia nyuma ya nyumba, kati ya mti wa tofaa na nguzo ya chuma, limebeba mifuko ya mchanga. Zipporah alisimama mlangoni na sare yake ya unesi, akahisi damu inampanda kichwani.

"Baba Emma! Hiyo shuka nilinunulia mama!"

Mumewe, Titus, hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti, simu ameilaza juu ya kamba, anapima pembe. Akasema anatengeneza machela, kitanda cha kuning'inia, wikendi aende kulala porini na Jeff, jirani yao.

"Wikendi gani?"

"Hii."

Jumamosi hiyo ndiyo mama yake Zipporah alikuwa anafika kutoka Kenya, baada ya kunyimwa viza mara mbili. Hajawahi kumwona mjukuu wake Emma. Hata mkwe mwenyewe alimjua kwa picha na simu tu, maana Zipporah aliondoka Nairobi msichana na harusi ikafungwa huku huku London. Na huyo mkwe, badala ya kusafisha chumba cha mgeni, anacheza na kamba!

"Na nani ataenda airport?"

"Nenda wewe. Mimi nitakuwa nimetoka."

Zipporah alimkata jicho. Titus wala hakuliona. Akaendelea kueleza, eti kamba ukiivuta ikanyooka sana inazidiwa na kukatika, lazima uilegeze kidogo ndipo mtu alale salama. Eti mti unaufunga kwanza mkanda mpana, kamba isije ikaumiza ganda. Mti wa mwenye nyumba aliuonea huruma. Mkewe je?

"Huo mchanga ni kilo ngapi?"

"Mia na hamsini."

"Wewe una sabini na tano. Hizo zingine ni za nani?"

"Kamba hupimwa mara mbili ya uzito, Mama Emma."

Lilikuwa jibu la haraka mno.

Kesho yake asubuhi Zipporah alimkuta Jeff anatoa mapipa ya taka, akamtakia safari njema ya porini. Mzee wa watu akashangaa. Porini kufanya nini? Wikendi hii yeye na mkewe walikuwa wanaenda kwa binti yao, Leeds.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Titus haikuvuka hata ua wa jirani.

Jioni hiyo Zipporah aliosha vyombo, dirisha kaliacha wazi. Titus alikuwa nje anaongea na simu kwa sauti laini, ya unyenyekevu, ile ile aliyomchumbia nayo na ambayo hakuisikia tena tangu waoane.

"Sijamwambia Zipporah," alikuwa anasema. "Hapana, sitamwambia, nimekuahidi. Jumamosi nitakuwa nimetoka kwa hii nyumba."

Sahani ikamponyoka, ikavunjika ndani ya sinki. Kikulacho ki nguoni mwako! Mwanamume anahama, na kitanda cha kulala na huyo mwanamke wake anakishonea hapa hapa, kwa shuka la mama mkwe. Zipporah alilia kwa hasira, kisha akakasirika kwa sababu amelia. Mama asafiri mara moja tu maishani, aje akute nyumba ya binti yake haina mume!

Jumamosi, Emma akiwa amelala kwa rafiki yake, Zipporah alifungua kabati. Mashati, suruali, koti la kanisani, vyote akavisukumia kwenye mifuko myeusi ya taka, akaiburuta mmoja mmoja hadi nje na kuitupa chini ya machela. Viatu akavirusha kutoka mlangoni. Kimoja kilimpata Titus begani.

"Mama Emma, ngoja tu mpaka jioni," Titus alisema. "Utaelewa."

"Nielewe nini? Ulitaka kutoka, si utoke! Na usikanyage tena ndani ya hii nyumba!"

Titus akaokota viatu vyake, akavipanga chini ya mti.

Kwenye uwanja wa ndege mama alimkumbatia mpaka kilemba kikamvuka. Njia nzima hadi nyumbani Rayners Lane alikuwa anauliza habari za Emma na za kazi. Habari za Titus hakuuliza hata mara moja, na Zipporah akashukuru Mungu, kwa kuwa uongo wa kumjibu alikuwa bado hajaumaliza kuutunga.

Walipofika, alifungua mlango na kupitisha sanduku. Mama hakuingia. Alibaki amesimama nje, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Ametoka?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Zipporah akaliacha sanduku pale pale mlangoni. "Nani amekuambia?"

Mama alizunguka ubavuni mwa nyumba hadi kwenye kigeti cha nyuma, akachungulia. Titus alikuwa amelala kwenye machela, turubai limefungwa juu yake, mifuko ya nguo zake imezagaa chini, uso kauelekeza ukutani. Mama akajifunika macho kwa pembe ya leso, akarudi mbio kama msichana, akamshika binti yake mikono yote miwili.

"Asante, mwanangu. Sisi Wakamba, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake, hata kama ni Uingereza. Nilimpigia nikamwambia kama hatatoka, mimi sipandi ndege. Nikamwapisha asikuambie, nilijua utakataa mume wako alale nje." Akatabasamu, akatupa jicho tena upande wa ile mifuko myeusi. "Kumbe nilikuogopa bure. Hadi nguo zake umemtolea."