Bima ya Kuta

Moto ulikuwa umeshakula vyumba vya nyuma vya nyumba ya Makungu. Majirani walijipanga mstari kutoka kisimani wakipokezana ndoo, na Siwema, aliyekuwa wa mwisho mlangoni, ndiye aliyekuwa akimwaga.

Makungu mwenyewe alisimama kando, mikono kaikunja kifuani.

"Jamani, msijiue bure," alisema. "Benki ilinikatalia mkopo mpaka nikakata bima. Nitajengewa mpya. Hata rangi hii nilishaichoka."

Siwema alibaki na ndoo mkononi. Viwanja vyao vinapakana, walinunua mwaka mmoja. Benki ile ile ilimwambia yeye kwamba nyumba ya udongo haiwekwi rehani. Tangu hapo ameyaangalia matofali ya mwenzake yakipanda mpaka yakamzibia jua. Na leo hata moto unamwongezea! Ndivyo walivyo wenye nacho: wakiunguliwa na nyumba, hupata nyumba.

"Shangazi, mwaga!" alipiga kelele Tunu, fundi nguo aliyepanga chumba cha mbele. "Bima ni ya kuta zake! Cherehani yangu imo humo, na nguo za watu!"

Siwema alimsikia vizuri. Aligeuka, akammwagia Makungu ndoo nzima kichwani.

"Na wewe umekatiwa?"

Mstari mzima ulisimama, watu wakaangua kicheko. Tunu peke yake hakucheka. Aliitazama ndoo tupu, kisha dirisha lake, ambako pazia lilikuwa limeanza kupepea bila upepo.