Ganda la Nane

Siku ya tatu simba bado alikuwa amelala kando ya kisima, na wawili waliothubutu kuteka maji hawakurudi. Fundi Kapembe alimwaga mezani maganda manane ya risasi, yote yaliyobaki mjini. Binti yake Zamda, mlenga shabaha pekee aliyesalia, alisubiri na bunduki tupu.

Fundi alipitisha waya wenye ncha iliyopindwa ndani ya kila ganda. Ukikwama karibu na kitako, shaba imeliwa. Ganda hilo likijazwa tena, litampasukia mpigaji usoni. Saba yalikwama.

Katika la nane waya uliteleza, ukasita kidogo, ukateleza tena.

"Vipi, baba?"

"Subiri."

"Watoto wanalamba mitungi, nawe waniambia nisubiri? Simba ni mmoja. Moja linanitosha."

Fundi alirudia kupima mara tatu. Waya ulisita palepale, kwa unene wa unywele. Siku nyingine angelitupa; leo halikuwepo jingine.

Akachota baruti koponi kwa kijiko. Ikizidi, ganda halitahimili. Ikipungua, simba hatakufa. Alirudisha kidogo koponi, akaongeza, akapunguza tena.

Zamda alinyoosha kiganja apewe risasi. Kijiko kilibaki juu ya mdomo wa ganda, baruti bado haijamwagwa.