Chombo Hakirudi Kitupu

Tangu jeshi lishuke ufuo wa ng'ambo na kuuteka, maji ya askari yalitoka hapa mjini, kwani adui alikuwa amevitia sumu visima vya kule. Meli ilipeleka madumu yaliyojaa na kurudi na matupu. Tatu, mmoja wa wanawake walioyajaza, kwanza alilitikisa kila moja.

"Unatafuta nini humo, Mama Nasibu?" akauliza Sijali, aliyekuwa akiteka maji naye.

"Salamu za mwanangu. Sikumlea kurudisha chombo kitupu. Hata bakuli la jirani alilirudisha na chochote, japo ndimu moja."

Dumu lililofuata likagonga ndani. Tatu akalipindua, ikaanguka kauri ndogo, ingali na mchanga.

"Shoga yangu," Sijali akasema taratibu, "huenda ni ya mtoto wa mwingine."

"Basi na huyo ana kiu."

Akalifukiza dumu kwa ubani, kama alivyozoea kuufukiza mtungi wa nyumbani Nasibu alipokuwepo, akalijaza, akalifunga, wapagazi wakalichukua.

Meli ilipong'oa nanga, madumu yalikuwa yamejaa sitahani, yote yanafanana, naye hakujua tena lake ni lipi.