Mwalimu wa Valerie

Kamba ya kiatu ilikatika mkononi mwa Wanyonyi, na bado aliendelea kuivuta.

"Leo huyo mwalimu wa muziki atanijua," akasema. "Atajua Valerie ako na baba."

Valerie alisimama mlangoni, mikono nyuma. Alikuwa amemaliza Form Four mwaka uliopita. Wanyonyi alikuwa amezunguka na kubembeleza watu mpaka akampatia nafasi ya kusomea unesi, na nafasi yenyewe ilikuwa inafungwa Jumatatu. Halafu jana jioni, vyombo vikiondolewa mezani, msichana akamwambia bila kupepesa macho kwamba haitaki. Jumamosi anaenda Kajiado. Kuna watu wa chuo cha muziki wanakuja kupima sauti. Alipoulizwa mbona hakusema mapema, akajibu, "Mwalimu wangu alisema ningoje umalize kula."

Mwalimu wangu! Tangu Form One Wanyonyi alikuwa amelisikia hilo neno mpaka likamkaa kooni. Mwalimu amesema nisinywe maji baridi. Mwalimu amesema nilale mapema. Valerie alipotaka kuacha shule kwa sababu ya hesabu, baba alipiga kelele bure. Aliyemrudisha darasani ni mwalimu. Kijana fulani wa Tuala alipomchezea akili, mwalimu ndiye aliyemfuta machozi. Wanyonyi alikuwa amekwisha kumchora huyo mtu kichwani: suruali ya kubana, mafuta ya nywele, vidole vyembamba vya kuchezea kinanda na mabinti wa watu. Alimchukia kwa roho yake yote.

"Kwaya naijua mimi," akamwambia msichana. "Hata mama yako nilimtoa huko kabla hujazaliwa. Nilimwambia achague, ni kwaya ama ni mimi. Na si unaona ametulia? Sasa na wewe chagua. Ni mimi ama ni huyo mwalimu."

Valerie akainama, akaokota kipande cha kamba. Mama yake alikuwa jikoni anakoroga uji, na mwiko haukusimama.

"Kula kwanza, Baba Valerie," akasema. "Shule haitahama."

"Mtoto anaibiwa na wewe unakoroga uji!"

"Basi nenda umtafute. Ukimpata, umsikilize."

Wanyonyi akafyonza, akatoka na kiatu kimoja wazi. Alivuka barabara ya Namanga bila kuangalia malori, akapita katikati ya mbuzi waliokuwa wakipelekwa kichinjioni, vumbi likampanda mpaka magotini. Pale getini mlinzi alimsalimia, "Sopa, mzee." Wanyonyi alipita tu. Hii shule hakuwa amewahi kuikanyaga. Mikutano ya wazazi ilikuwa kazi ya mke wake. Yeye alikuwa na zamu kwenye kiwanda cha saruji.

Naibu wa mwalimu mkuu, Bi Ndunge, alimpa kiti. Alikikataa.

"Nataka mwalimu wa muziki. Saa hii."

Bi Ndunge akaweka kalamu chini. "Muziki? Mzee, hapa hatuna mwalimu wa muziki. Hatujawahi kuwa naye."

"Usimfiche, madam. Amemfundisha msichana wangu miaka minne. Valerie Wanyonyi."

"Valerie! Huyo ndiye alikuwa akifundisha kwaya yetu. Tukimuuliza ametoa wapi hayo yote, anasema ni kwa mwalimu wake. Sisi tulidhani kuna mtu unamlipia huko nje. Hata mama yake akija mkutano tunamsifu mtoto, yeye anacheka tu."

Wanyonyi akageukia mlango. Kumbe si mwalimu wa shule. Ni mtu asiye na ofisi, asiye na mkubwa wa kumuuliza, ambaye amekuwa akikaa na binti yake miaka yote hiyo. Wapi? Na nani anawafungulia mlango? Na huyo mama anacheka nini? Hakuaga. Alirudi akikata viwanja vya watu, akiruka mitaro na nyaya, hasira imempanda mpaka masikio yakawa yanavuma.

Akapitia nyuma ya nyumba, na hapo akasikia. Valerie alikuwa anaimba. Sauti ilipanda vizuri, ikafika mahali ikakwaruza, na papo hapo kitu kikagongwa mezani.

Yumo ndani! Ndani ya nyumba yake, anakalia viti vyake, amengoja tu mwenyewe atoke. Wanyonyi akaokota mpini wa jembe uliokuwa umeegemea banda la kuku. Alinyata mpaka chini ya dirisha la jikoni, akaushika kwa mikono miwili.

"Rudia," sauti ikasema ndani. Ilikuwa sauti ya amri, isiyobembeleza. "Mabega yaache. Pumua na tumbo."

Valerie akarudia. Safari hii ilipita pale pagumu bila kukwaruza, ikaendelea kupanda, na Wanyonyi akajikuta ameshikilia pumzi yake mwenyewe. Hakuwa amewahi kumsikiliza mtoto wake akiimba hadi mwisho.

"Hapo sasa," ile sauti ikasema. Halafu ikashuka, na ndani yake mlikuwa na hasira ya siku nyingi, hasira ambayo Wanyonyi hakuwa ameisikia hata mara moja katika nyumba hiyo. "Hiyo Jumamosi utaenda. Na mtu yeyote asikuambie uchague kati yake na sauti yako. Mimi niliambiwa, nikachagua vibaya."

Mpini ukamponyoka mkononi. Ilikuwa ni ile ile sauti iliyomwambia asubuhi ale kwanza.